Msiupime Mzozo Wetu kwa Damu

Barua ya wazi kwa wahariri wa madawati ya Afrika katika mashirika ya habari ya kimataifa

Ndugu wahariri,

Wakenya watapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Kwa desturi yenu, matayarisho huanza mapema: vyumba vya hoteli Nairobi huwekwa, bima za waandishi hulipiwa, na fulana za kuzuia risasi huhesabiwa hata kabla ya makarani wa kura kuajiriwa. Sina ugomvi na fulana. Mwandishi anayetumwa mahali penye hatari ana haki ya kurudi kwa watoto wake salama. Ninachowaandikia ni kile kinachofuata zikishavaliwa: mnatazama nini mkifika, na nchi yetu mnaipima kwa kipimo gani.

Nimewasoma na kuwasikiliza tangu uchaguzi wa 2007, na lalamiko langu ni moja. Mizozo yetu ya kisiasa mnaipima kwa damu. Ikimwagika, mnasema ni ukabila. Isipomwagika, mnasema mambo yamekwenda shwari. Kwa vyovyote vile macho yenu hupita juu ya mahali siasa inapofanyika hasa: fomu za matokeo, sajili ya wapiga kura, hati za ardhi, amri wanazopewa polisi, hukumu za mahakama.

Siwaombi mtusifu. Wako wenzangu wanaotaka muandike zaidi habari za wanariadha, simba na malipo kwa simu. Hiyo ni kazi ya bodi ya utalii, nayo ina bajeti yake. Mimi naomba ukali wenu usipungue hata chembe, ila muuelekeze kwa wenye dhamana.

Tuanze na 2007, maana makosa mengi ya baadaye yalitoka huko. Kura zilipigwa Alhamisi tarehe 27 Desemba, kwa utulivu na foleni ndefu. Matokeo yalipoanza kutiririka, marehemu Raila Odinga wa chama cha ODM alimwongoza kwa mbali rais wa wakati huo, Mwai Kibaki. Kisha matokeo ya baadhi ya maeneo yakachelewa, na pengo likaanza kuziba. Tarehe 29 na 30 ukumbi wa KICC, Nairobi, ulikuwa kama baraza la wazee lililovunjika: wanasiasa wa pande zote mbili walisimama mbele ya kamera, karatasi mkononi, wakidaiana fomu, huku mwenyekiti wa tume, marehemu Samuel Kivuitu, akijaribu kuwatuliza bila mafanikio. Mzozo ulikuwa pale, mezani, mbele ya kila aliyetaka kuuona. Chukueni eneo bunge la Molo. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema huko Molo Kibaki alitangaziwa kura 50,145. Nairobi zilisomwa 75,261.

Jioni ya tarehe 30 askari wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, waliingia, ukumbi ukaondolewa watu, na Kivuitu akatangaza mshindi katika chumba kingine mbele ya kamera za shirika la serikali, KBC. Kibaki 4,584,721, Raila 4,352,993. Muda si muda Kibaki alikuwa akila kiapo katika bustani ya Ikulu, giza likiingia. Siku hiyohiyo waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Marekani ilikwishampongeza mshindi, kisha ikazirudisha pongezi zake. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba hajui kama Kibaki alishinda.

Yasomeni tena hayo kama mhariri wa siasa za ndani. Mna majina, mna saa, mna karatasi zinazopingana, mna mwenyekiti wa tume anayeukana uamuzi wake mwenyewe na mna serikali inayozima matangazo. Mambo kama hayo yangetokea Paris au Washington, mngewapa waandishi kumi wa uchunguzi na kurasa za mbele kwa miezi. Yalipotokea Nairobi, wengi wenu mliyapa siku mbili.

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kujinusuru, wengi wao wanawake na watoto. Tangu siku hiyo habari ya fomu ilikufa, na mahali pake pakashikwa na habari ya chuki za kale zilizolipuka. Rwanda ikatajwa karibu kila siku. Najua ilivyokuja. Wengi wa waandishi wenu walioishi Nairobi hawakuwekwa pale kwa ajili ya Kenya. Nairobi kwao ilikuwa mahali pa kulala vizuri, kufua nguo na kupanda ndege kwenda Mogadishu, Goma au Sudan Kusini. Machafuko yalipowafikia mlangoni, waliyaeleza kwa msamiati waliorudi nao kutoka safarini, na kanisa lililoungua likawakumbusha makanisa ya Rwanda ya 1994.

Unyama wa Kiambaa haupunguziki, na yeyote anayesema ukabila haukuwapo anadanganya. Watu walizuiwa barabarani wakatakiwa kuonyesha vitambulisho. Jina la ukoo lilitosha kumuua mtu. Kabila lilimwonyesha mshambuliaji nyumba ya kuchoma. Lakini nani alimkusanya, nani alimnunulia petroli, nani alimwambia kwa miaka kumi na tano kwamba shamba lile ni la babu yake na kwamba kura ndiyo fursa ya kulirudisha? Hayo yana majibu, na majibu yake hayapatikani katika kamusi ya makabila.

Yanapatikana katika historia ya ardhi ya Bonde la Ufa. Mashamba waliyonyang'anywa wenyeji na kupewa walowezi wa Kizungu hayakurudi kwa wale waliofukuzwa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960 yaliuzwa na kugawanywa kupitia miradi ya makazi iliyoendeshwa kwa mikopo, kisha kupitia kampuni za kununua ardhi, na wenye ukaribu na serikali wakapata fungu nono. Mkulima maskini aliyenunua ekari zake tano kwa jasho na mkulima maskini aliyeamini ekari hizo ni za ukoo wake wakawa majirani. Siasa ya vyama vingi iliporudi, majirani hao wakageuzwa silaha. Mapigano yalizuka kuelekea uchaguzi wa 1992, yakazuka tena mwaka wa uchaguzi wa 1997, Likoni hapa Pwani ikiwamo. Tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza, na ripoti yake ikawekwa kabatini hadi 2002.

Sasa nijibuni swali moja. Kama chuki hiyo ni ya kale na imo katika damu, mbona 2002 ilikwenda likizo? Mwaka huo Raila alimuunga mkono Kibaki, mpinzani wao mkuu Uhuru Kenyatta akatoka jamii moja na Kibaki, na uchaguzi ukapita bila moto wa Bonde la Ufa. Na mbona 2013, miaka mitano tu baada ya Kiambaa, Wakikuyu na Wakalenjin walipiga kura upande mmoja, wakimchagua Uhuru na William Ruto ambao wote wawili walikuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu machafuko hayohayo? Chuki ya kale haifuati ratiba ya miungano ya wanasiasa. Kinachoifuata ratiba hiyo ni kitu kilichopangwa, na kilichopangwa kina wapangaji.

Nchi yenyewe iliandika majibu yake. Tume ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini iliripoti Septemba 2008 kwamba kura ziliharibiwa vibaya katika ngome za pande zote mbili hata haiwezekani kujua nani alishinda. Tume ya Jaji Philip Waki iliripoti mwezi uliofuata: waliokufa ni 1,133, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Itazameni namba hiyo ya pili. Zaidi ya theluthi moja ya vifo vilitokana na bunduki, katika nchi ambayo vijana wa mitaani walishika mapanga, mishale na mawe. Bunduki zilikuwa za polisi.

Ushahidi haukuhitaji kungoja tume. Katikati ya Januari 2008 kituo cha televisheni cha KTN kilionyesha picha kutoka Kisumu: kijana asiye na silaha anawakejeli polisi mtaani, polisi mmoja anamkimbiza, anampiga risasi, kisha anampiga teke akiwa ameanguka. Picha hizo zilichukuliwa na mwandishi wa hapa, aliyesimama hapo bila fulana ya gharama. Aliyepiga risasi alivaa sare ya serikali na alitoka kituo chenye mkuu. Habari inayoanzia kwa mtu huyo humfikisha mwandishi kwa kamanda, kwa waziri, kwa Ikulu. Habari inayoanzia kwenye chuki za kale haimfikishi kwa mtu yeyote anayeweza kuulizwa, na ndiyo maana wakubwa wetu hawakuwahi kulalamika mlipoandika ukabila. Mliwafanyia hisani.

Jina la ugonjwa ndilo huamua dawa. Wapatanishi waliongozwa na Kofi Annan, pamoja na Graça Machel na Benjamin Mkapa, na Jakaya Kikwete akaja mwishoni akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Walikaa, wakasikiliza, na hati waliyoiacha iliona mbali kuliko vichwa vyenu vya habari. Ajenda ya nne ya mazungumzo ilitaja katiba, ardhi, umaskini, vijana wasio na kazi na wakubwa wasioadhibiwa. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008 mbele ya Harambee House, kamera zenu zote zikiwapo. Wiki chache baadaye nyingi zilikuwa zimeondoka. Ajenda ya nne, iliyotuzalia Katiba ya 2010 na ambayo sehemu ya ardhi yake ingali inatudai, ilibaki kuripotiwa na wenyeji.

Mliporudi 2013 mlikuja mkitafuta mwendelezo wa filamu ya 2008. Siku chache kabla ya kura, CNN ilirusha taarifa iliyowaonyesha wanaume wachache wenye silaha za kujitengenezea vichakani, wakisemwa wanajiandaa kwa vita. Wakenya waliicheka mtandaoni wiki nzima. Kicheko kilikuwa halali, lakini nacho kilitupofusha. Wakati ninyi mnatafuta wapiganaji na sisi tunawacheka, vifaa vya kumtambua mpiga kura vilizima katika vituo vingi na mfumo wa kutuma matokeo ukaanguka. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, akiwa amevuka nusu kwa kura zipatazo 8,000. Kwa kiasi hicho kila fomu ilistahili kufukuziwa.

Wahariri wetu wa nyumbani hapo hawana pa kujificha. Baada ya baadhi ya redio za lugha za mama kuchochea 2007, vyumba vya habari viliamua 2013 kwamba kazi yao ni kuhubiri amani. Nyimbo za amani zikapigwa asubuhi na jioni, na aliyeuliza habari za mfumo uliokufa akaonekana mchochezi. Ninyi mlikuja kutafuta damu, wao wakaiogopa, na baina yenu hesabu ikapita haijakaguliwa hadi ilipofika Mahakama ya Juu, ambayo iliyakubali matokeo.

Ninaandika kutoka Mombasa, na kwetu kipimo cha damu kilileta kosa la aina nyingine. Usiku wa kuamkia kura ya 2013 magenge yaliwaua maafisa wa polisi hapa Mombasa na kule Kilifi. Lawama iliangukia kundi la MRC, lililokuwa likisema Pwani si Kenya, nalo likakana. Serikali ilikwishadai kwamba kundi hilo lina mkono wa al-Shabaab, na baadhi yenu mlilibeba dai hilo mzimamzima. Pwani, Waislamu, silaha: picha ilikamilika kabla ya mwandishi kushuka kwenye ndege.

Kwa hakika MRC ilikuwa na Waislamu, Wakristo na wazee wanaotambika katika kaya, misitu mitakatifu ya Pwani. Walichokidai kilikuwa karatasi: mkataba wa 1895 kuhusu ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar, na makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte yaliyouunganisha ukanda huo na Kenya. Unaweza kuyapinga madai yao, na mimi sikuwahi kuamini kwamba kujitenga kungetupatia ardhi. Lakini hata Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku dhidi ya kundi hilo Julai 2012, na ukitaka kujua kwa nini wito wao uliitikiwa, huhitaji kwenda msituni.

Nenda mtaa wa Majengo hapa Mombasa, siku ya kawaida isiyo na habari. Utakuta nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati, baraza ya saruji mbele. Mwenyewe amerithi kwa baba yake kuta, paa la mabati na milango. Chini ya kuta hizo, udongo si wake. Una mwenye hati, ambaye pengine hajawahi kumwona, na kila mwezi kodi ya kiwanja hulipwa kwa wakala. Akitaka kujenga ghorofa, hana haki hiyo. Akitaka mkopo wa benki, hana hati ya kuweka rehani. Kiwanja kikiuzwa, atapewa notisi abomoe aondoke na matofali yake. Kilifi na Kwale ni vivyo hivyo mashambani: mnazi umepandwa na babu, kaburi la babu liko chini ya mnazi huo, na ardhi ni ya mtu asiyeonekana. Kijana aliyekulia katika nyumba hiyo hahitaji kufundishwa na al-Shabaab kusema kwamba amedhulumiwa. Habari hiyo haina mlipuko, kwa hivyo haikupata nafasi.

Mwaka 2017 kipimo chenu kiligeuka upande wa pili. Siku chache kabla ya kura, Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya matokeo katika tume ya uchaguzi, IEBC, alipatikana ameuawa na mwili wake una alama za mateso. Wananchi walipiga kura tarehe 8 Agosti kwa amani, na mara pongezi zikaanza. Waangalizi wa kimataifa, John Kerry wa Carter Center akiwa miongoni mwao, waliusifu mwenendo wa uchaguzi, na katika magazeti makubwa ya nje Raila akashauriwa akubali yaishe. Polisi waliua watu Kisumu na katika mitaa ya Nairobi, hata mtoto wa miezi sita alipigwa rungu ndani ya nyumba yao huko Kisumu akafa, lakini idadi haikufikia ya 2008, na kwa kipimo chenu Kenya ilikuwa imefaulu.

Tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga alisoma uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili: uchaguzi wa rais umebatilishwa. Haikuwahi kutokea Afrika ushindi wa rais aliye madarakani ukafutwa na mahakama. Mahakama ilizungumzia jinsi matokeo yalivyotumwa, fomu zisizo na alama za usalama, na tume iliyoshindwa kufungua seva zake kama ilivyoagizwa. Kila jambo katika orodha hiyo lilikuwapo kabla ya pongezi. Lingeweza kuonwa na mwandishi yeyote aliyeketi na mawakili na mafundi wa kompyuta badala ya kuzunguka Kibera akingoja matairi yawake. Baadhi yenu mlikiri baadaye kwamba mlifanya haraka, na hilo ni jambo la kiungwana. Lakini sijaona dalili kwamba utaratibu wa kazi ulibadilika.

Juni 2024 mlishtuliwa tena. Mwezi mmoja kabla, Rais Ruto alikuwa Washington kwa ziara ya kitaifa, na kurasa zenu zilimwita nguzo ya utulivu katika eneo hili. Tarehe 24 Juni Marekani iliipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Tarehe 25 kikosi cha kwanza cha polisi wetu kilitua Port-au-Prince kwenda kutuliza magenge ya Haiti, na siku hiyohiyo polisi waliobaki nyumbani waliwafyatulia risasi vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha nje ya Bunge, Nairobi. Vijana hao walikuwa wakisema wazi kwamba hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi. Walikuwa wameusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama na kuusambaza kwa simu: kodi ya mkate, kodi ya magari, deni la taifa. Damu ilimwagika na safari hii kabila halikupatikana la kulitwisha. Kwa siku kadhaa ripoti nyingi zikabaki kueleza jinsi vijana wanavyotumia TikTok.

Kisha mmoja wenu akafanya kazi iliyotakiwa. Aprili 2025 kitengo cha BBC Africa Eye kilitoa filamu ya Blood Parliament. Waandishi wake walichambua picha zaidi ya 5,000, wakalinganisha saa, sare na pembe za kamera, hadi wakawatambua maafisa wa usalama waliofyatua risasi pale Bungeni. Hapakuwa na mhadhara juu ya Afrika. Palikuwa na mtu, bunduki, dakika, na swali kwa waliomtuma. Serikali ilikasirika kuliko ilivyowahi kukasirikia simulizi zote za chuki za kale, na hiyo peke yake ingetosha kuwaonyesha palipo na mshipa. Maonyesho yaliyopangwa Nairobi yalifutwa dakika za mwisho, na watengeneza filamu wanne wa Kenya wakakamatwa, ingawa BBC ilisema hawakuhusika na kazi hiyo. Gharama ililipwa na wenyeji, kama kawaida.

Kwa hiyo inawezekana, na ninawaomba mambo manne kuelekea 2027.

La kwanza, wekeni mwandishi mmoja kwenye fomu kabla ya kumweka mwingine kwenye mtaa wenye fujo. Vituo vikifungwa saa kumi na moja jioni, sanduku hufunguliwa mbele ya maajenti wa vyama. Msimamizi hukunjua kura moja moja, hutaja jina la aliyechaguliwa kwa sauti, huionyesha kwa maajenti, kisha huiweka kwenye fungu lake. Yenye ubishi huwekwa kando. Hesabu huandikwa katika Fomu 34A, maajenti hutia sahihi, nakala hubandikwa kituoni kwa kila mtu kuiona, na picha hutumwa Nairobi. Mwaka 2022 tume iliweka hadharani fomu za vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye kompyuta na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Makamishna wanne walipojitenga na matokeo yaliyotangazwa katika ukumbi wa Bomas, mzozo uliweza kupimwa kwa fomu hizo, nayo Mahakama ya Juu ikaamua kwa kuzitazama.

La pili, kila kifo kiandikwe na aliyekisababisha. Kama ni risasi, semeni ilitoka kikosi gani na mkuu wake ni nani. Sentensi kwamba watu wamekufa katika vurugu haina mtendaji, na polisi wetu wanaipenda sana.

La tatu, mkitaja kabila, tajeni na mambo yanayokwenda nalo: shamba gani, nani alilimilikisha, mwanasiasa gani alihutubia hapo wiki iliyotangulia. Siwakatazi neno. Nawakataza kulitumia kama jibu mahali ambapo ndipo swali linapoanzia.

La nne, wapeni heshima yao wenyeji wanaowafanyia kazi. Mkenya anayewatafutia watu wa kuhoji, kuwaendeshea gari, kuwatafsiria na kuwaambia barabara ipi isipitwe mara nyingi anajua habari kuliko anayetia jina lake juu yake. Niliwahi kuifanya kazi hiyo. Nilimsikia mwandishi mgeni akimuuliza mama muuza samaki, kabla hata ya salamu, yeye ni kabila gani. Mama alimtazama, akanigeukia mimi: "Mwambie mimi ni mwenye duka lililochomwa. Akitaka kujua na nani, aketi." Mgeni hakuketi, gari lilikuwa linangoja. Mwenyeji akiandikiwa jina kwenye habari na kuwekewa bima sawa na mgeni, ataweza kusema kikaoni kwamba mmekosea, nanyi mtalazimika kumsikiliza.

Nasi tuna deni letu. Magari ya habari ya Nairobi yakivuka mpaka kwenda Burundi au Kongo mara nyingi hurudi na picha zilezile tunazowalaumu ninyi kwazo, na redio zetu huzisoma taarifa za mashirika yenu kuhusu majirani bila kupiga simu hata moja Bujumbura au Bukavu, ambako wangejibiwa kwa Kiswahili. Anayedai kusomwa vizuri sharti naye ajifunze kusoma. Nimewaandikia wahariri wa nyumbani barua ya pili kuhusu hilo, na wao hawataipenda kuliko ninyi mtakavyoipenda hii.

Tutazisoma habari zenu za 2027. Mkileta uchunguzi unaomtaja kamishna aliyebadili tarakimu au kamanda aliyetoa amri, tutausambaza vijiji vyote, hata ukituaibisha. Mkituletea tena makabila yanayochukiana tangu enzi na enzi, hatutakuwa na haja ya kuwatukana mtandaoni: tutaweka Fomu 34A kando ya habari yenu, msomaji wenu mwenyewe azilinganishe.

Wenu katika kazi,

Mwandishi na msomaji wenu,
Mombasa